Injini ya Boti Inapopungua Nguvu: Pima Mgandamizo Kabla ya Kwenda Baharini

Kwa mkazi wa Lamu, boti ndiyo matatu, ndiyo ambulensi na ndiyo gari la mizigo. Mwanafunzi anayevuka kutoka Mokowe, mama mjamzito anayeletwa hospitali kutoka Kizingitini na mvuvi wa Kiwayu anayewahi soko, wote wanategemea injini iliyofungwa nyuma ya boti. Nyingi za injini hizo ni za zamani. Zimefanya kazi miaka mingi katika maji ya chumvi, na baadhi zimepita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne.

Injini ya aina hii haifi ghafla bila kutoa ishara. Kwanza huanza kuchoka. Shida ni kwamba wamiliki wengi wakiona imechoka hununua plagi mpya, kisha kabureta, kisha pampu ya mafuta, na bado boti haipandi. Fedha zimekwisha na chanzo hakijajulikana. Mara nyingi kipimo kimoja cha dakika chache kingetosha kuonyesha pa kuanzia. Kipimo hicho ni cha mgandamizo, ambao mafundi wetu huuita kompresheni.

MGANDAMIZO NI NINI?

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kushuka. Inapopanda huibana hewa iliyochanganyika na petroli. Plagi ikitoa cheche, mchanganyiko huo uliobanwa hulipuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hewa ikibanwa vizuri, nguvu huwa kubwa. Ikipata pa kuvujia, nguvu hupungua hata kama plagi ni mpya na petroli ni safi.

Hewa huzuiwa isivuje na ringi zinazozunguka pistoni, kuta za silinda, na gasketi iliyo chini ya hedi. Injini za mipigo minne zina pia vali. Kimoja kati ya hivi kikiharibika, mgandamizo hushuka.

DALILI ZA KUANGALIA

• Kamba ya kuwashia imekuwa nyepesi. Injini nzima hukaza mkono kila pistoni inapopanda. Iliyochoka huvutika kirahisi.
• Injini ni ngumu kuwaka, hasa ikiwa tayari imepata moto.
• Boti yenye mzigo uleule wa siku zote inashindwa kuinuka na kuteleza juu ya maji.
• Injini inatikisika ikiwa katika mwendo wa chini, kana kwamba silinda moja haifanyi kazi.
• Plagi moja hutoka imelowa mafuta ilhali nyingine ni kavu.

Dalili hizi zinaweza pia kusababishwa na cheche dhaifu au kabureta chafu. Ndiyo maana tunapima, hatukisii.

JINSI YA KUPIMA

Unahitaji geji ya mgandamizo yenye nati inayoingia katika tundu la plagi, spana ya plagi, kalamu na karatasi. Bei ya geji ni ndogo sana ukilinganisha na ya injini, na wanachama wa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) wanaweza kuchanga wakanunua moja ya kutumiwa na wote.

1. Pasha injini moto. Iwashe kwa dakika chache boti ikiwa majini, au injini ikiwa imetumbukizwa katika pipa la maji. Usiiwashe ikiwa kavu, kwani impela ya pampu ya maji itaungua.

2. Zima injini, chomoa mpira wa petroli na usogeze tangi mbali. Asiwepo mtu anayevuta sigara karibu.

3. Subiri plagi zipoe kidogo, kisha zitoe zote. Ukiacha nyingine ndani, injini itazunguka polepole na kipimo hakitakuwa sahihi. Ziweke kwa mpangilio ili ujue ipi imetoka silinda gani. Silinda ya juu kwa kawaida ndiyo namba moja.

4. Chomoa kamba ya usalama inayozima injini, na uunganishe nyaya za plagi na chuma cha injini. Cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuharibu kisanduku cha umeme au kuwasha mvuke wa petroli.

5. Funga geji katika tundu la silinda ya kwanza. Hakikisha choki haijavutwa na ufungue mkono wa mafuta hadi mwisho ili hewa iingie kwa wingi. Watu wengi husahau hatua hii, wakapata namba ndogo na kuhukumu injini isiyo na kosa.

6. Vuta kamba kwa nguvu mara tano au sita, mpaka mshale wa geji uache kupanda. Kama injini inawashwa kwa betri, hakikisha betri imejaa. Andika namba uliyopata.

7. Rudia kwa kila silinda, ukivuta kwa idadi ileile na nguvu ileile.

KUSOMA NAMBA

Geji nyingi husoma kwa pauni kwa inchi ya mraba, na huandikwa psi. Kila injini ina kiwango chake kilichowekwa na kiwanda, hivyo kitabu cha injini ndicho cha kufuatwa. Kwa injini nyingi za mipigo miwili zilizo katika hali nzuri, namba huwa takriban kati ya 90 na 130. Baadhi ya injini zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, nazo zitaonyesha namba ndogo bila kuwa na ubovu.

Lililo muhimu kuliko namba yenyewe ni silinda kulingana. Tofauti isizidi asilimia 10 hivi.

Chukua mfano wa injini ya silinda mbili. Ikiwa namba moja imesoma 118 na namba mbili 115, silinda ziko sawa. Tafuta kosa kwenye cheche au mafuta. Ikiwa namba moja imesoma 120 na namba mbili 85, tofauti ni 35, yaani karibu asilimia 29. Silinda ya pili ni mgonjwa. Hakuna plagi wala kabureta itakayoiponya. Na ikiwa zote mbili zimesoma 75, rudia kwanza ukihakikisha mkono wa mafuta uko wazi, kisha jaribu kwa geji nyingine. Namba zikibaki zilezile, huenda injini nzima imelika.

HEWA INAVUJIA WAPI?

Tia kijiko kidogo cha oili katika silinda yenye namba ndogo, zungusha injini mara mbili tatu, kisha pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba nafasi iliyo kati ya pistoni na ukuta. Shaka iko kwenye ringi au silinda. Isipopanda, shaka ni gasketi ya hedi, au vali ikiwa injini ni ya mipigo minne. Katika injini za mipigo miwili, ambazo tayari zina oili ndani, jaribio hili hutoa mwelekeo tu. Usiligeuze kuwa hukumu ya mwisho. Ukimaliza, zungusha injini huku plagi zikiwa nje ili oili iliyobaki itoke.

Kisha tumia tochi na uangalie ndani ya tundu la plagi:

• Michirizo mirefu kwenye ukuta wa silinda inaonyesha pistoni imekwaruza. Sababu za kawaida ni oili pungufu au injini kupata joto kupita kiasi.
• Kichwa cha pistoni kilichooshwa kikawa safi kuliko vingine, au plagi yenye kutu, huashiria maji yanaingia. Mara nyingi gasketi ndiyo imepasuka.
• Masizi mazito meusi yanaweza kuwa yamezigandisha ringi zisitanuke.
• Silinda mbili zinazopakana zikiwa na namba ndogo kwa pamoja, huenda gasketi imeungua katikati yake.

KUTENGENEZA AU KUACHA?

Namba ndogo haimaanishi kwamba injini imekufa. Ringi zilizoganda kwa masizi wakati mwingine huachia kwa dawa ya kuondoa masizi. Gasketi hubadilishwa, lakini fundi akague kwanza kama uso wa hedi umepinda, na akaze boliti kwa mpangilio na mkazo uliotajwa kwenye kitabu. Hapa ndipo penye usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta: gasketi inayovuja maji ikiachwa, chumvi itafika kwenye beringi za ndani na gharama itakuwa nyingine kabisa.

Silinda iliyokwaruzika huhitaji kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Kabla ya kukubali kazi hiyo, muulize fundi jumla ya gharama, vipuri na ufundi pamoja, ulinganishe na bei ya injini nyingine.

Unaponunua injini iliyotumika, omba ipimwe mbele yako. Rangi mpya haionyeshi hali ya ringi. Muuzaji akikataa kipimo, zishike fedha zako.

KUILINDA INJINI ILIYO NZIMA

Katika injini za mipigo miwili, oili inayochanganywa na petroli ndiyo inayolainisha pistoni. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, mtungi wa lita 20 za petroli unahitaji mililita 400 za oili. Kwa 100 kwa 1 ni mililita 200. Fuata uwiano wa kitabu cha injini yako, na upime kwa chombo chenye alama badala ya kukadiria kwa jicho. Tumia oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezewa injini inayopozwa kwa upepo.

Angalia maji yanayochuruzika nyuma ya injini kila unapowasha. Yakipungua au kukatika, zima mara moja. Kagua impela kila mwaka, na usafishe injini kwa maji yasiyo na chumvi baada ya safari, kwa sababu chumvi huziba njia za maji na kuleta joto.

Andika namba za mgandamizo katika daftari kila baada ya miezi sita. Namba iliyotoka 115 hadi 100 hadi 88 inakuonya mapema, ungali na muda wa kutafuta vipuri.

USALAMA WA ABIRIA

Wakati wa upepo wa kusi bahari huchafuka, na milango kama ule wa Mkanda haina huruma kwa boti iliyozima katikati. Injini iliyopungua nguvu haiwezi kushindana na mkondo na mawimbi kwa pamoja, hasa boti ikiwa imejaa. Kwa hivyo, nahodha, ukikuta silinda hazilingani, usipakie abiria mpaka injini itengenezwe. Hata kama injini ni nzima, beba nanga yenye kamba ya kutosha, makasia, simu iliyojaa chaji katika mfuko usioingia maji, na jaketi ya kuokoa maisha kwa kila mtu, watoto wakiwemo.

Nawe abiria, una haki ya kuuliza jaketi kabla ya boti kung'oa nanga. Ukiona injini inavutwa kamba mara nyingi bila kuwaka, au maji ya kupoza hayatoki, mwambie nahodha mngali gatini.