Kiganja Kinachojikunja: Ugonjwa wa Dupuytren na Mazoezi ya Mwili

Ugonjwa wa Dupuytren ni hali ya kurithi ambayo utando mgumu ulio chini ya ngozi ya kiganja hunenepa taratibu, ukafanya vinundu, kisha ukajikaza na kuwa ukamba unaokivuta kidole kuelekea kiganjani, hasa kidole cha pete na kile cha mwisho. Jina lake limetokana na Guillaume Dupuytren, daktari mpasuaji wa hospitali ya Hôtel-Dieu jijini Paris, ambaye mwaka 1831 aliupasua mkono wa mfanyabiashara wa mvinyo na kuthibitisha kwamba kasoro haimo katika kano, yaani nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa ya vidole, bali katika utando uliozifunika. Henry Cline wa London alikwisha kuliona jambo hilo alipochunguza maiti mwaka 1777, lakini sifa ilimwendea Mfaransa.

Ugonjwa huu umeenea zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na kwa Waafrika huonekana mara chache. Uchunguzi wa pacha nchini Denmark ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya wanaougua na wasiougua hutokana na urithi; hata hivyo, aliyerithi si lazima augue, na wanaume hupatwa mapema na vibaya zaidi kuliko wanawake. Kisukari, uvutaji wa sigara, unywaji mwingi wa pombe na kazi za miaka mingi zenye mtetemo wa mashine huongeza uwezekano huo.

Ndani ya kinundu kuna seli zenye tabia mbili kwa pamoja: hutengeneza kolajeni, ambayo ni protini inayoipa tishu uimara, na wakati huohuo husinyaa kama misuli. Kila zinaposinyaa, kolajeni mpya hujijenga katika urefu uliopungua, na ndiyo maana kukivuta kidole kwa nguvu kila asubuhi, jambo ambalo wagonjwa wengi hulijaribu kwa matumaini makubwa, hakuurefushi ukamba uliokwisha kukomaa. Mazoezi na tiba ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya humletea mgonjwa fadhaa isiyo ya lazima.

Hilo halimaanishi kwamba mgonjwa aache kunyanyua vyuma. Misuli na kano zake ni nzima. Kinachomsumbua ni mgandamizo wa chuma chembamba juu ya kinundu, hasa kinundu kipya ambacho bado kina maumivu. Mpini uliozungushiwa sponji ili unenepe hutawanya uzito kiganjani, glavu zenye pedi hupunguza msuguano, na mikanda ya kifundo cha mkono huvipokea vidole sehemu ya mzigo wakati wa kuvuta. Pushapu ndizo zenye taabu zaidi, kwa sababu hudai kiganja kilale wazi sakafuni. Kuzipiga kwa ngumi, au kwa kushika vishikio vilivyoinuliwa, huliondoa sharti hilo bila kukinyima kifua kazi yake.

Kidole kikipinda kwa kiasi cha kuzuia shughuli, madaktari huukata ukamba kwa sindano chini ya ganzi au huuondoa kwa upasuaji, ingawa hakuna njia inayohakikisha kwamba hautarudi. Baada ya upasuaji mazoezi hupata nafasi yake halisi, kwani kukunja na kukunjua vidole mapema huzuia viungo visikakamae, ilhali bamba la kunyoosha vidole usiku, lililozoeleka kwa miaka mingi, halikuonyesha faida ya ziada lilipotolewa kwa kila mgonjwa katika jaribio la Uingereza la mwaka 2011 lililohusisha wagonjwa 154. Kipimo cha kujua wakati wa kumwona mtaalamu hakihitaji kifaa: kiganja huwekwa juu ya meza, na kikishindwa kulala bapa pamoja na vidole vyake vyote, safari ya hospitali isiahirishwe, maana kiungo cha katikati cha kidole kikikaa kimepinda kwa muda mrefu, hata mpasuaji hodari hupata shida kukinyoosha.