Hesabu Stima Kabla ya Kuweka Mabati

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia hapa Kerugoya na vijiji vya karibu havinunui mbuzi na sufuria peke yake. Vinajenga. Kimoja kinajenga ukumbi wa kukodisha, kingine vyumba vya kupangisha, kingine nasari ya watoto. Tunawapongeza. Lakini kuna jambo tunaliona tena na tena: kikundi kinahesabu kila msumari na kila mfuko wa simiti, ila hakuna anayehesabu stima. Jengo likifunguliwa bili zinaanza kula kodi, na wanachama wanaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya. Ndiyo sababu mwezi huu tunaeleza habari ya ripoti ya matumizi ya stima kwa jengo jipya.

RIPOTI HIYO NI NINI, NA NANI ANADAIWA?

Ni kuandika jengo linatumia umeme kiasi gani, unapotelea wapi, na mmefanya nini kuupunguza. Hapa Kenya jambo hili liliwekwa kwenye kanuni mwaka 2012. Kanuni hizo zililenga majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi. Wenyewe walitakiwa kukaguliwa na mtaalamu mwenye leseni angalau mara moja kila miaka 3, kupeleka ripoti serikalini, na kutekeleza angalau nusu ya akiba aliyoonyesha mkaguzi. Baada ya Sheria ya Kawi ya 2019, usimamizi wa mambo haya uko kwa mamlaka iitwayo EPRA.

Wengi wenu mnapeleka majani chai kiwandani. Kiwanda chenye mashine zinazozunguka usiku na mchana ni aina ya mahali palipolengwa. Ukumbi wa kikundi haufiki huko hata kidogo. Basi msitishwe na mtu anayekuja kuwauzia "ukaguzi wa lazima" kwa nyumba ya balbu kumi.

YANAYOWAHUSU NINYI

Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo jengo dogo pia haliwezi kuyaruka.

Kwanza, ruhusa ya kaunti kabla ya kuchimba msingi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema kujenga bila ruhusa ni kosa, na faini yaweza kufika shilingi 500,000. Kaunti nayo inatakiwa kujibu katika siku 60. Wekeni nakala ya maombi yenye tarehe ya kupokelewa.

Pili, nyaya za stima ziwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Akimaliza anapima na kutia sahihi cheti, na cheti hicho ndicho Kenya Power huhitaji kabla ya kuleta mita. Mwombeni awaonyeshe leseni kabla hamjampa pesa. Ndugu ya mwenyekiti akiwa fundi hodari bila leseni, bado cheti hawezi kutoa.

UKURASA MMOJA WENU WENYEWE

Sasa tunawaomba mfanye zaidi ya sheria: andikeni ripoti yenu ya ukurasa mmoja wakati jengo lingali karatasi. Hesabu ni rahisi. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000. Hizo ndizo uniti.

Mfano wa balbu. Balbu 10 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kila siku, zinakula uniti 90 kwa siku 30. Balbu 10 za LED za wati 9, kwa saa hizo hizo, zinakula uniti 13 na nusu.

Mfano wa shawa. Shawa ya stima ya wati 5,000, wapangaji 6 wakioga dakika 10 kila mmoja, ni saa 1 kwa siku. Hizo ni uniti 5, na kwa mwezi 150. Mmeona? Shawa moja inashinda balbu zote 10 za zamani. Na baridi yetu ya Juni na Julai tunaijua, hakuna atakayeoga maji baridi.

Kwa hivyo kama mnataka maji yapashwe na jua, amueni mapema. Paa lazima liweze kubeba tangi lililojaa maji, na mabomba yapite ukutani kabla ya plasta. Kuvunja ukuta baadaye ni kulipa mara mbili.

Wenzetu wa Mwea shida yao ni joto. Hapo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi. Wekeni madirisha pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, na dari chini ya mabati. Ukumbi kama huo hauhitaji feni nyingi, na mchana hauhitaji taa.

BAADA YA KUFUNGUA

Katibu afungue daftari. Kila mwisho wa mwezi aandike tarehe, uniti zilizotumika, pesa zilizolipwa, na lililobadilika, kama mpangaji mpya au friji mpya. Alinganishe na ule ukurasa wa kwanza, kisha asome hesabu hiyo mkutanoni pamoja na hesabu ya pesa. Uniti zikipanda ghafla, tafuteni sababu kabla ya kutafuta mchawi: labda kuna koili chumbani, labda bomba la maji moto linavuja. Mweka hazina akiwa na daftari hili, hana haja ya kujitetea.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, jengo letu lina ruhusa ya kaunti na cheti cha nyaya? Karatasi hizo anaziweka nani?
2. Kifaa gani kinakula stima nyingi zaidi kwetu? Tumepiga hesabu, au tunakisia?
3. Kama bado hatujaweka mabati, ni kitu gani kimoja tunaweza kubadilisha kwenye plani wiki hii?