Soli Zinazousemea Mguu Uliokufa Ganzi

Mtu mwenye kisukari anaweza kutembea kutwa nzima na kijiwe ndani ya kiatu asijue. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu na nyayo hufa ganzi. Lengelenge linapasuka, kidonda kinachimba, na kwa kuwa mara nyingi damu nayo haifiki vizuri mguuni, kinagoma kupona. Hapo ndipo madaktari huanza kuzungumzia kukata.

Lakini kidonda hutanguliwa na dalili. Sehemu inayosuguliwa au kukandamizwa kila siku hupata uvimbe wa ndani, na ngozi yake huwa ya moto kabla ya kuchanika. Watafiti wameweka kipimo: sehemu ya unyayo ikiwa na joto kuliko sehemu hiyohiyo ya mguu wa pili kwa zaidi ya nyuzi 2.2 za Selsiasi, siku mbili mfululizo, mgonjwa apunguze kutembea na awaone wahudumu wake. Zipo soksi zilizofumwa na sensa zinazopima joto hilo na kulituma kwenye simu.

Soli janja hupima mgandamizo. Huwekwa ndani ya kiatu, na sehemu fulani ikielemewa muda mrefu, saa ya mkononi humtaka mvaaji akae, atembee kidogo au ahamishie uzito kwingine. Utafiti ulioongozwa kutoka Manchester, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia kwa miezi 18 watu waliowahi kupata vidonda. Waliopewa tahadhari hizo walipata vidonda vipya kwa asilimia 71 pungufu kuliko wasiopewa. Waliomaliza utafiti huo walikuwa wachache, watu 58 tu, ila matokeo yanatia moyo.

Hata hivyo, sensa haitibu. Kinachookoa mguu ni mwenyewe kuitikia onyo. Na asiye na kifaa hicho bado ana kinga: akague nyayo na katikati ya vidole kila jioni, kwa kioo au kwa msaada wa mwanafamilia, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, asitembee peku, asikate sugu kwa wembe. Na kila aendapo kliniki ya kisukari, avue viatu na aombe miguu ikaguliwe, hata kama hakuna aliyemwambia.