Mbele ya kwenda kwa notere, tuangalie karata zetu

Koperative ikipeleka statuti, notere anatafuta kujua kitu kimoja: huyu anayetia sinyature ndiye mwenye jina lile? Wengi wetu tunaonyesha karata ya uchaguzi.

Shida tunayoona: statuti inasema "Mama Furaha", kumbe ku karata kuko majina matatu tofauti. Notere anakataa, watu wanarudi, na pesa ya transporti imekwisha.

Basi:

- Tuandike majina yote sawa vile yako ku karata, herufi kwa herufi.
- Karata ikipotea, tuombe kwanza ku komini ao ku sekta cheti cha kupoteza.
- Kila mmoja abebe karata yenyewe, hapana fotokopi tu.
- Tusitie sinyature nyumbani. Tungojee mbele ya notere. Akisoma statuti, asiyeelewa aulize.