Kongowea ya Muyaka na Hohman ya Shepherd

Katika tungo za Muyaka bin Haji, Kongowea ni Mombasa nzima; leo jina hilo limebaki kwa mtaa ulioko bara, ng'ambo ya kisiwa, wenye soko mashuhuri. Jean Shepherd wa Marekani alikwenda kinyume: Hohman, jina la barabara mjini Hammond, Indiana, alilifanya mji mzima katika hadithi zake za utotoni, zilizotoka kitabuni mwaka 1966. Filamu ya A Christmas Story (1983) ilizichota baadhi, ikazifungamanisha na Krismasi moja na bunduki ya upepo aitamaniyo mtoto Ralphie. Kilichoachwa si kidogo. Kitabuni, Ralph mtu mzima anarejea Hohman, anaketi katika baa ya Flick, mwenziwe wa utotoni, na visa vinapishana na mazungumzo yao. Filamuni sauti ya Shepherd mwenyewe inakumbuka, lakini hairejei popote.