Mtufaha Mmoja, Mimea Miwili

Mwulize muuza miche kama mitufaha yake ni sugu, naye atakujibu ndiyo bila kusita. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro: sugu dhidi ya nini, na katika sehemu ipi ya mti? Mtufaha wa kibiashara ni mimea miwili iliyounganishwa. Juu kuna kikonyo kitakachozaa matunda. Chini kuna mche shina wenye mizizi, uliobebeshwa kikonyo hicho. Kila mmoja una maadui wake.

Juu, adui mkubwa kwenye nchi za mvua nyingi ni ukoko, unaosababishwa na kuvu aitwaye Venturia inaequalis. Majani hutoka madoa meusi, tunda hupasuka ngozi na kukosa mnunuzi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Purdue, Rutgers na Illinois nchini Marekani waliupata usugu katika mtufaha-pori wa Asia, Malus floribunda nambari 821, wakauhamishia kwenye matufaha ya kuliwa. Mwaka 1970 wakatoa aina ya Prima. Chuo Kikuu cha Cornell kikafuata na Liberty mwaka 1978. Ulaya nayo ikapanda aina kama Topaz ya Wacheki, yenye jeni ileile ya usugu.

Hapo ndipo penye tatizo. Aina nyingi, jeni moja. Miaka ya 1980, huko Ahrensburg, Ujerumani, kuvu wa ukoko alionekana akiishambulia miti iliyoaminika kuwa salama. Kwa hiyo mimi sioni busara kuacha kabisa kupulizia dawa hata kwenye bustani ya aina sugu. Mipulizo michache wakati mbegu za kuvu zinaporuka kwa wingi huilinda jeni yenyewe. Isitoshe, dawa ikikoma, hujitokeza magonjwa madogo ya ngozi ya tunda yaliyokuwa yakizuiwa bila mkulima kujua.

Chini ya ardhi mambo ni mengine. M.9, mche shina uliosambazwa na kituo cha East Malling, Uingereza, hufanya mti uwe mfupi na uzae mapema, ndiyo maana umeenea duniani. Lakini ni dhaifu mno mbele ya Erwinia amylovora, bakteria anayenyausha vichipukizi vikawa kama vimeunguzwa na moto. Maambukizi hushuka kutoka kwenye maua hadi kwenye mche shina, na hapo mti mzima hufa. Kusini-magharibi mwa Michigan mwaka 2000, wakulima walipoteza mitufaha kwa mamia ya maelfu.

Cornell, kituo cha Geneva, walijibu kwa kuzalisha miche shina inayomhimili bakteria huyo. G.41 huvumilia pia udongo uliochoshwa na mitufaha ya zamani, na hustahimili vidukari wa manyoya meupe wanaotia mizizi vinundu. Ila muungano wake na baadhi ya vikonyo huvunjika kirahisi kitaluni na penye upepo. G.11 nao humhimili bakteria, lakini vidukari hao huushambulia. MM.106 hustahimili vidukari, kisha huoza shingo kwenye udongo unaotuamisha maji.

Ndiyo maana majaribio ya kuaminika huchukua takriban miaka kumi, katika maeneo mengi kwa pamoja. Hupimwa unene wa shina, kilo za matunda na idadi ya maotea, na kuhesabiwa miti iliyokufa. Mavuno ya miaka mitatu ya mwanzo hudanganya.

Kwetu, Lushoto, Njombe au Kabale, orodha hii hainunuliwi ilivyo. Liberty hutaka baridi ndefu ambayo nyanda zetu hazina; ndiyo sababu wakulima hutegemea Anna na Dorsett Golden. Kwa mche shina, hata hivyo, uchaguzi upo. Ningebebesha Anna kwenye miche shina miwili tofauti, nipande mistari ikipishana, na mstari mmoja niuache bila dawa kwa misimu kadhaa ya mvua. Na muuza miche asiyeweza kutaja jina la mche shina wake, nisingenunua kwake.