Intaneti Ikienda Mwendo wa Kobe: Tatizo Li Wapi?

Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka. Nawaheshimu sana wahenga wetu, lakini wao hawakuwahi kujaza fomu inayofungwa saa sita usiku huku waifai ikitambaa kama kobe.

Hayo ndiyo yaliyotupata nyumbani kwetu Makutano, mjini Meru. Dada yangu alikuwa akiomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu, na siku ile ilikuwa ya mwisho. Kila alipojaribu kupakia vyeti vyake, ukurasa ulikwama katikati, akaanza upya. Machozi yakamlengalenga. Mama, aliyekuwa ametoka kufunga kibanda chake cha mboga, akasema, "Basi nitaongeza pesa tuchukue kifurushi kikubwa. Karo ya huyu mdogo itangoja kidogo." Huyo mdogo ni mimi! Nikaona heri tuujue ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Intaneti ina safari ya vipande vitatu. Kwanza, hutoka nje hadi kwenye rauta, yaani kile kisanduku chenye vitaa. Pili, hupita hewani kutoka kwa rauta hadi kwa kipakatalishi, au laptopu kama tusemavyo mitaani. Tatu, hufanya kazi ndani ya laptopu yenyewe. Kazi yako ni kujua ni kipande kipi chenye hitilafu.

Anza hivi. Fungua tovuti yoyote ya kupima kasi, upime pale pale unapoketi. Kisha ibebe laptopu hadi hatua mbili tu kutoka kwa rauta, upime tena. Chumbani mwa dada tulipata megabiti 1 kwa sekunde. Nilipoenda sebuleni na kufungua kabati lenye rauta, tukapata 9, na kifurushi tunacholipia ni cha megabiti 10. Kumbe kampuni haikuwa imetuibia! Kasi ilifika nyumbani salama, ikapotelea ndani ya nyumba yetu wenyewe. (Kumbuka pia kuwa megabiti 8 ndizo hufanya megabaiti 1, kwa hivyo kifurushi cha 8 hupakua megabaiti 1 tu kwa sekunde. Wengi hulalamika bure kwa kutojua hesabu hii.)

Ilipotelea vipi? Mama alikuwa ameifungia rauta ndani ya kabati la chuma ili isiingie vumbi wala isiibwe. Waifai ni mawimbi ya redio. Chuma huyarudisha nyuma, nazo kuta nene za mawe huyapunguza nguvu. Mawimbi haya yako ya aina mbili hasa. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, ila yanang'ang'aniwa na rauta za majirani na hata maikrowevu ya jikoni. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Ukiwa chumba kimoja na rauta, chagua 5. Ukiwa mbali, chagua 2.4.

Tuliitoa rauta, tukaiweka juu ya kabati mahali pa wazi. Ilipofika saa tano u nusu usiku, vyeti vya dada vikapita. Hatukulipa hata shilingi moja, na karo yangu ikasalimika.

Likizo iliyofuata nilipanda matatu kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes hadi kwa mama mdogo huko Embu. Naye alilia kilio kile kile. Mimi, nikijiona daktari bingwa, nikahamisha rauta mara moja. Wapi! Hakuna kilichobadilika. Ndipo nikakumbuka kuuliza swali ambalo lingetangulia: je, simu zilizo hapo hapo pia zinasuasua? La, simu zote zilikuwa zikienda mbio. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya laptopu.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikaja orodha ya programu zinazofanya kazi. Kwenye safu ya mtandao niliona Windows ikijisasisha na programu nyingine ikipandisha maelfu ya picha za harusi, zote kimya kimya. Tulizisimamisha hadi usiku, tukaizima laptopu na kuiwasha tena. Mama mdogo akanikaangia chapati.

Je, ukikuta kasi ni ndogo hata ukiwa karibu kabisa na rauta, na kwa vifaa vyote? Zima rauta, ngoja nusu dakika, uiwashe tena. Ikikataa, iunganishe na laptopu kwa waya upime. Ikiwa bado ni kobe, basi tatizo li nje, na hapo una haki ya kupigia kampuni simu ukiwa na tarakimu mkononi. Wakati mwingine chanzo huwa mbali mno. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ikazorota Kenya nzima. Siku hiyo hata ungeipandisha rauta juu ya Mlima Kenya, usingefua dafu.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, kabla ya mzazi kutoa pesa zaidi, chukueni dakika kumi mpime: hapa, pale, na kwa kifaa kingine. Nami nakiri kuwa kule Embu nilitibu kabla ya kupima. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.